Nimekuona Tangu Kona ya Kigango

Kijijini kwetu, mwambaoni, kusini kidogo ya Lituhi, wananiita Mwalimu Disko. Jina hilo nilipewa na watoto wa jirani, wazazi wao wakalidaka, na sasa hata katekista hulitumia akidhani simsikii. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote ya kazi, na nilitarajia kuzeeka na jina lenye heshima kidogo. Lakini siwezi kuwalaumu sana. Mtu mwenye mvi, anayekaribia kustaafu, anashuka mlimani kila magharibi juu ya baiskeli ya umeme yenye taa mbele, taa nyuma, taa kwenye magurudumu na taa chini ya fremu, kila moja na rangi yake. Ungekuwa wewe ungemwitaje?

Walidhani ni mbwembwe. Wapo waliosema uzee umenipanda kichwani, na wapo walioapa kwamba nina mtu huko juu kwenye kahawa ninayemtamanisha kwa taa hizo. Sikumjibu hata mmoja. Mimi si mwepesi wa kujieleza, na nikichokozwa hununa, na nikinuna hunyamaza mpaka mtu aondoke. Ukweli ni kwamba taa zile zilikuwa za mtu mmoja tu, mke wangu, ambaye macho yake yalikuwa yanakwisha, na kila taa niliyoongeza niliiongeza kwa sababu ile ya kabla yake alikuwa haioni tena.

Lakini mwanzoni haikuwa hivyo. Mwanzoni ilikuwa furaha tupu, na naomba nianzie hapo, maana siku hizi nikiikumbuka furaha ile naumia kuliko nikikumbuka mengine.

Mimi ni Mmatengo. Nimekulia kwenye kahawa na ngoro, yale mashimo tunayolima miteremkoni ili mvua isituibie udongo. Maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona kabla ya kuchumbia ni ya kisima cha misheni. Mke wangu ni Mnyasa, mtoto wa mvuvi, na tulipochumbiana ndugu zake walinitazama kama mtu aliyetoka nchi nyingine. Mara ya kwanza nilipokwenda kwao, tulipomaliza kula ugali na mbasa, samaki wa kwao, alinichukua mpaka ufukweni. Mwezi haukuwapo, na siku hizo ndizo mitumbwi hutoka kuvua usipa, wale dagaa wa ziwani, kwa sababu usipa hufuata taa, na taa haina nguvu mbele ya mwezi. Ziwa lote lilikuwa na taa.

"Ile yenye mbili karibu karibu na moja imejitenga, ni ya baba," aliniambia. "Ile inayoyumba ni ya mjomba. Hajawahi kuifunga vizuri tangu nizaliwe."

Mimi niliona taa tu. Nikamwambia zote ni sawa. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. Ndipo akanieleza kwamba kwao kila nyumba hufunga taa za mtumbwi wake kwa namna yake, na wanawake wakikaa nje jioni hawatazami taa, wanamtazama mtu wao. Mama yake alijua mumewe amefika wapi, anavuta nyavu au amepumzika, anarudi au bado, bila kuambiwa na mtu. Taa ikianza kusogea kuja nchi kavu, aliinuka kuchochea moto. Mtumbwi usipofika nchi kavu kabla ya maji kuchemka, alikuwa na la kusema.

Tulijenga nyumba yetu hapo mwambaoni, kwa sababu yeye hakuweza kulala bila sauti ya maji. Mimi nilifundisha juu mlimani, na juu zaidi ya shule nilikuwa na shamba langu la kahawa nililorithi, ambako nilikwenda kila nikitoka darasani. Nyumba niliichora mwenyewe. Niliweka baraza upande wa mlima na mgongo upande wa ziwa. Alipoiona alishika kiuno.

"Nani anajenga nyumba inayolipa ziwa kisogo?" aliniuliza. "Ni nyie watu wa mlimani peke yenu."

Alinitania kwa nyumba hiyo miaka yote. Lakini kila jioni alikaa kwenye baraza lile lile, mgongo kwa ziwa lake, akitazama barabara inayoshuka kutoka juu. Pale barazani unaiona karibu yote. Juu kabisa kuna kona iliyo kando ya kigango, kale kakanisa kadogo ambako padre huja mara moja moja. Katikati kuna kona ya jiwe, maana kuna jiwe kubwa lililowashinda waliochonga barabara wakalizunguka. Kisha barabara inanyooka mpaka kwenye daraja la mbao, na ukishavuka daraja umefika kwetu.

Nilikuwa na baiskeli ya kawaida, ambayo mnyororo wake ulilia tangu kona ya jiwe. Magoti yaliponishinda nikaenda Mbinga mjini kwenye duka la mzee mmoja mwenye asili ya pwani, mtu wa kofia na maneno matamu, nikanunua baiskeli ya umeme. Alilizungusha gurudumu hewani nisikilize. Hakuna sauti. "Umesikia kitu, mwalimu?" aliniuliza. Nikasema sijasikia. "Basi hicho usichokisikia ndicho unachonunua," akasema, na mimi nikaona nimepata.

Mke wangu hakuona hivyo. Jioni ya kwanza nilifika mpaka kwenye ngazi za baraza yeye akiwa bado anatazama barabara, na nilipomsalimu aliruka.

"Unaingia kama mwizi," alisema, mkono kifuani. Kisha akakaa, akafikiri kidogo. "Nilikuwa nasikia mnyororo, najua ni wewe, naweka maji. Mbao za daraja humgongea kila mpita njia. Sasa nakaa hapa naona taa moja inashuka, bodaboda nazo zina taa moja moja. Nitajuaje ipi ni yangu?"

Neno lile, ipi ni yangu, lilinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Nikakumbuka ule mchanga na kile kicheko. Kesho yake nikampelekea baiskeli fundi anayetengeneza taa za mitumbwi pale mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki.

Ni fundi mzuri, kwa mitumbwi. Amezoea betri ya gari, ile wanayoibeba wavuvi kwenye beseni. Ya baiskeli yangu ina nguvu mara nne ya hiyo, nilimweleza, nikamchorea hata chini kwenye mchanga, akaitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, kisha akaunga waya moja kwa moja. Taa zilitoa mwanga mmoja mkali, zikalia pwa, tukabaki tunanusa. Tuliagiza kifaa cha kupunguza nguvu ya umeme kutoka Mbinga, akafunga upya, nikarudi kuichukua nikakuta taa zote zinatazama chini.

"Mbona umeziinamisha?"

"Taa inaelekezwa kwenye maji, mwalimu. Ili samaki wapande."

"Mimi sivui samaki barabarani."

Alicheka mwenyewe, lakini mikono yake ilikuwa imefanya kazi hiyo maelfu ya mara na haikuniuliza. Akazinyanyua. Zilikuwa taa nyeupe zenye mwanga wa kuvulia, si wa baiskeli, na msimu ule ule wakaja wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi kisha upepo unawaleta nchi kavu. Waliziona taa zangu wakahamia kwangu. Nilifika nyumbani wamenijaa ndevuni, masikioni, kwenye mfuko wa shati. Mke wangu alileta ungo, akanikung'utia juu yake, akawakaanga. Alisema tangu nimwoe ndiyo siku ya kwanza nimerudi na kitoweo.

Nilikuwa nimemwelekeza fundi namna ya kuzipanga. Mbili karibu karibu kwenye usukani, na moja imejitenga, chini upande wa kulia. Sikumwambia mke wangu. Nilitaka nione kama atajua. Jioni ya kwanza ya taa hizo, kabla wadudu hawajaanza, nilivuka daraja nikamkuta amesimama kwenye ngazi, kanga imemdondoka begani na hajaiokota.

"Nimekuona tangu kona ya kigango," alisema. "Umefunga taa za baba."

Baba yake alikuwa ameshafariki. Alishuka ngazi, akaishika ile taa iliyojitenga, ikiwa bado ya moto, akaishika hivyo hivyo. Kuanzia hapo ikawa salamu yetu. Wengine hupokewa kwa pole na kazi, mimi nilipokewa kwa nimekuona tangu kona ya kigango, na nilikuwa naisubiri siku nzima, nikifundisha, nikipalilia, nikipunguza matawi ya mibuni. Mtu mzima na akili zangu.

Sijui macho yalianza lini. Yeye alikuwa anagonga vitu, hasa vya pembeni, miimo ya milango na meza, na alikuwa akinilaumu mimi kwa ile nyumba niliyoichora. Akamwaga ungo mzima wa usipa uliokuwa kando ya miguu yake, akasema nani kauweka hapa, na aliyeuweka ni yeye. Ndipo nikampeleka hospitali.

Daktari wa macho alikuwa binti mdogo, mpole. Alimpa mke wangu shikamoo, akamkalisha kwenye kiti, akamwambia atazame mbele tu, asigeuke. Kisha akanyoosha mkono wake mbali, pembeni, akainua kidole na kuanza kukileta polepole kuelekea katikati.

"Ukikiona kidole changu uniambie, mama."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Nilikiona tangu mwanzo. Kidole kikatembea, mke wangu yuko kimya. Kikatembea tena. Nilitamani kumgusa bega. Nilitamani kusema mimi. Kilifika karibu na pua ndipo akasema, "Hicho hapo," kwa sauti ya mtu aliyejibu vizuri, akatabasamu.

Ilikuwa presha ya macho. Haiumi, daktari alisema, ndiyo maana watu huja wamechelewa. Kilichokwenda kimekwenda, hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, na hata hicho hakuahidi. Alisema taratibu, akinitazama mimi zaidi, na mimi nikawa naitikia kwa kichwa kama niko kwenye kikao cha walimu.

Kwenye gari la kurudi aliniuliza, "Kile kidole kilikuwa mbali?"

"Hapana," nikamwambia. "Yule binti alikuwa anakificha."

"Nilijua," akasema, akalaza kichwa begani kwangu.

Baada ya hapo salamu ikaanza kubadilika. Jioni moja aliniambia, "Nimekuona kona ya jiwe." Alisema kawaida tu, akipokea mkoba wangu, na mimi nikasema ndiyo, nilikimbia sana leo. Usiku sikupata usingizi. Kona ya jiwe ni nusu ya njia. Kigango kilikuwa kimekwisha kuondoka kwenye macho yake, na barabara yote kati ya pale na jiwe. Haukupita muda mrefu akaniambia hakuniona mpaka darajani.

Nikarudi kwa fundi. Nikamwambia nataka mwanga zaidi. Akanifungia mkanda wa taa nyeupe kuzunguka kikapu cha mbele, na mke wangu akaniona tena kona ya jiwe. Nilifurahi kama mtu aliyemrudisha ng'ombe aliyepotea. Wiki zikapita, akanipoteza tena, nikaweka nyekundu nyuma na pembeni ili barabara inapojikunja nionekane hata nikimpa ubavu. Halafu za bluu kwenye magurudumu, zinazozunguka. Kila taa ilimrudisha kidogo, na kila mara ilikuwa kidogo kuliko iliyotangulia. Hapo ndipo watoto wa jirani wakaniita Disko. Walikuwa wanapanda juu ya ukuta wa zizi la mbuzi, na nilipochomoza tu kona ya kigango niliwasikia mpaka huko juu wakiimba, "Disko! Disko anakuja!" na wanaendelea hivyo mpaka nifike darajani. Nilikuwa nawakasirikia. Nilimwomba mama yao awanyamazishe, naye akasema mwalimu, ukitaka watoto wanyamaze zima hizo taa.

Sikuzima. Taa zilikula betri, ndilo jambo ambalo aliyeniuzia hakulifikiria. Asubuhi nilipopanda mlima baiskeli ilikuwa inakata pumzi kwenye kona ya jiwe, nikawa nashuka na kuisukuma mpaka kigango, magoti yanalia. Walimu wenzangu walinikuta njiani na pikipiki zao. "Mwalimu, tulidhani baiskeli ya umeme inakubeba wewe," mmoja alisema. Nikamwambia tunabebana kwa zamu. Ningeweza kuzitoa taa mbili tatu, nikapanda mlima nimekaa kama bwana. Nilisukuma.

Ya mwisho ilikuwa ya kijani. Fundi alisema kijani ndiyo inayoonekana mbali kuliko zote, wavuvi wa siku hizi wanaipenda, na alinifungia mkanda mrefu chini ya fremu, kutoka mbele mpaka nyuma. Nilishuka jioni hiyo nikiwa nimeshika breki mno, ili apate muda wa kutosha. Watoto walipiga kelele kama wamepagawa. Nilivuka daraja, nikapanda mpaka kwenye ngazi, sikuthubutu kumwuliza.

"Nimekuona tangu kona ya kigango," alisema mke wangu. "Ya kijani. Inapendeza."

Niliingia ndani nikakaa kitandani na viatu. Nililia, sioni aibu kusema. Nilifikiri matone yamefanya kazi, nilifikiri daktari ni binti mdogo, hajaona mengi, wapo watu ambao kwao ugonjwa hugeuka na kurudi. Kwa muda mrefu baada ya hapo kila jioni ilikuwa kigango. Hakukosa hata mara moja. Tarehe ya kurudi hospitali ilipofika alisema mihogo yake haiwezi kusubiri, na iliyofuata akasema ana mafua. "Tunakwenda kufanya nini?" aliniambia. "Si nakuona?" Nami sikubishana naye, kwa sababu nilikuwa nimeridhika.

Mengine niliyaona, bila shaka niliyaona. Alikuwa anamimina chai huku kidole kimoja kimening'inizwa ndani ya kikombe, kikilowa anaacha. Usipa aliuanika kwa kupapasa, akiutandaza kwa viganja, na kuchagua mawe kwenye mchele akamwachia mama wa jirani kwa kisingizio cha mgongo. Simu ya binti yetu wa Songea ilipoita aliniita nimpokelee. Niliyapanga yote hayo upande mmoja, na upande wa pili nikaweka ile kona ya kigango, na kona ikashinda. Mtu anayeniona kwa umbali ule, nilijiambia, hawezi kuwa kipofu. Ni hesabu rahisi.

Siku yenyewe mvua ilininyeshea shambani. Mvua za kwetu huko juu hazina utani, zinakuja na ukungu, na baiskeli niliiacha imeegemea mbuni bila hata turubai. Nilipofika kona ya kigango kulikuwa kumeshakuwa giza. Taa zilipepesa mara moja, zote pamoja, kisha zikazimika. Hata ile iliyokuja na baiskeli kutoka dukani. Nikashuka nikapapasa waya, nikagonga gonga kama kila mjinga anavyogonga. Hakuna kitu.

Kilichoniuma si giza. Njia ile naijua na ningeweza kuishuka nimefumba macho. Nilichofikiria ni yeye amekaa barazani anatazama juu, muda wangu umepita, kona ya kigango ni nyeusi. Kwao taa ikikosekana maana yake ni moja tu. Nikashuka kwa miguu, nimeishika baiskeli usukani, nikikimbia pale penye kukimbilika na kuteleza penye tope. Kona ya jiwe nikaipita. Zizini kwa jirani hapakuwa na mtoto hata mmoja, mvua ilikuwa imewafungia ndani, na kwa mara ya kwanza niliteremka mlima ule kimya kabisa. Nilimwona kabla ya kufika darajani. Taa ya barazani ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Alikuwa amekaa mahali pake, uso ameuelekeza mlimani, ametulia, hana wasiwasi wowote, kama mtu anayetazama kitu kizuri. Hapakuwa na kitu cha kutazama. Kulikuwa na giza na mimi ndani yake.

Nikaingia darajani. Mbao zikagonga chini ya magurudumu, moja baada ya nyingine, kama zinavyogonga siku zote.

Aliinuka. Aliiweka kanga yake sawa, akapitisha mkono kwenye nywele, akatabasamu kuelekea darajani.

"Karibu, Mwalimu," alisema. "Nimekuona tangu kona ya kigango. Leo ile ya kijani imewaka kuliko siku zote."

Nilisimama chini ya ngazi. Maji yalikuwa yananichuruzika mgongoni. Nikawaza zile jioni zote, watoto juu ya ukuta wakiimba jina langu tangu kule juu, kisha mbao, na yeye amekaa katikati ya sauti hizo mbili akinipangia safari yangu, amefika pale, sasa yuko pale, ili nikifika anipe kile nilichokisubiri siku nzima. Sijui lini aliacha kuniona. Huenda ile ya kijani hakuiona hata siku ya kwanza, rangi yenyewe aliisikia kwa watoto. Sitajua, maana sitamwuliza.

Alikuwa bado anasubiri. Uso wake ulikuwa umenielekea, umekosea kidogo, unatazama bega langu. Nilipaswa kusema neno, na nilijua kwamba nikichelewa zaidi atafahamu.

"Leo nimeongeza nyingine," nikamwambia.

"Nimeiona," akajibu haraka. "Ya njano."

"Ndiyo. Nyuma ya ile ya kijani."

"Imekaa vizuri," alisema. "Hiyo usiitoe."

Alinyoosha mkono nimpe mkoba, nikamwekea mpini wake kwenye kiganja. Alinishika mkono, akasema umelowa mpaka mifupa, nenda kaoge. Maji ya kuoga alikuwa ameshayaweka jikoni, yanachemka. Nilioga, tukala, akanisimulia habari za binti yetu wa Songea, na mimi nikamtazama usoni kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumtazama, kwa kuwa hakukuwa na haja ya kuona haya.

Asubuhi niliisukuma baiskeli mpaka mwaloni kabla sijakwenda shule. Fundi alifungua, akatoa waya mmoja uliojaa maji, akaupuliza. Alisema ni jambo dogo, na kwa kuwa amekwisha kufungua, angenishauri nipunguze, taa zimezidi, mwalimu, watu wanasema, na mlima unakutesa bure. Nikamwambia azirudishe zote kama zilivyokuwa, halafu anifungie moja ya njano, nyuma ya ile ya kijani.